Gari moja kwa zamu, Tegeta hadi Posta

Foleni ya asubuhi ya Barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam, imejaa magari yenye mtu mmoja ndani. Ukitaka kuanzisha mpango wa majirani kwenda kazini kwa gari moja, anza na hao. Ukimtoa abiria kwenye daladala ukampakia kwenye Toyota IST yako, hakuna gari lililopungua barabarani. Wenye magari wanne wakipanda moja, matatu yanalala nyumbani, moshi wake nao haupo.

Watafute kwenye grupu la WhatsApp la mtaa. Angalia saa ya kuripoti kazini kabla ya urafiki: wa saa 1:30 na wa saa 3:00 hawamalizi wiki pamoja. Wanne wanatosha, dereva akiwemo.

Kituo kiwe kimoja, mfano sheli iliyo upande wa kuelekea mjini. Kupitiana majumbani ndiko kunakoua mipango hii, maana kuingia mitaani kwenye mashimo mara tatu kunaweza kula nusu saa. Mkiafikiana saa 11:45 alfajiri, subira ni dakika tano, kisha gari linaondoka, hata aliyechelewa akiwa bosi wa dereva.

Zamu iwe ya wiki nzima kwa kila gari. Hapo hela ya mafuta haichangwi kabisa. Kama gari linalotumika ni la mmoja tu, gawaneni mafuta. Tegeta hadi Posta ni kama kilomita 25, kwenda na kurudi 50. Gari la cc 1500 likienda kilomita 10 kwa lita, linakunywa lita 5. Lita ikiwa shilingi 3,000, siku ni 15,000, yaani 3,750 kwa kila kichwa, mwenye gari akiwemo. Pigeni hesabu upya EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, inapotangaza bei za mwezi. Msitoze zaidi ya mgawo huo wa mafuta: gari la namba za njano, yaani la binafsi, likitoza nauli limeingia kwenye biashara inayohitaji leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na bima ya matumizi binafsi inaweza kugoma kulipa siku ya ajali.

Jioni ndiyo ngumu, vikao havina saa. Dereva aulize saa 10:00 nani anarudi naye. Asiyejibu hadi 10:30 ahesabiwe anarudi kwa daladala. Kila mtu aweke 2,000 kwa wiki kwenye mfuko wa dharura: mtoto akiugua shuleni mchana, teksi ya mzazi inalipwa humo. Bila mfuko huo, mzazi huyo atakuja na gari lake kila siku, “endapo tu”.