Vibua wa friza wasichache

Baridi ya friza huzuia samaki kuoza, lakini haizuii mafuta yake kuchacha. Ndiyo maana vibua, wenye mafuta mengi, hutoa ile harufu kali wakikaa sana, hata wakiwa wamegandana kama jiwe. Chai ya kijani husaidia: katekini zake, yaani viambato vya asili vya majani ya chai, hupunguza kasi ya oksijeni kuharibu mafuta. Chemsha majani, chuja, acha ipoe, kisha iwe baridi ya barafu kabisa. Chovya haraka vipande vilivyokwisha kuganda ili vivae utando mwembamba wa barafu, vifunge bila hewa, virudishe kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Samaki awe mbichi kweli. Aliyeanza kunuka haokolewi na chai. Karafuu nayo inafaa, ila ladha yake hutawala, kwa hiyo mie huiacha kwa samaki wa mchuzi wa viungo tu.