Kurudisha lori nyuma bila kumgonga mtu

Tukitaja ajali za magari, akili inakwenda barabara kuu: mwendo kasi, kuovateki kwenye kona. Mimi nimeendesha malori miaka kumi na sita, na siku niliyokaribia kabisa kuua mtu nilikuwa kwenye rivasi, mwendo wa kutembea, ndani ya ua wa ghala. Mpakiaji aliinama nyuma ya tela kuokota glovu. Utingo alipiga ukelele, nikakanyaga breki. Tela lilikuwa limeshaangusha kofia yake. Tangu siku hiyo ninafanya hivi.

1. Uliza kama kuna haja ya kurudi nyuma. Hili namwambia mwajiri kwanza. Ua ukiwa na mlango wa kuingilia na mwingine wa kutokea, rivasi nyingi zinakufa zenyewe. Njia ya waendao kwa miguu iwekewe reli. Mstari wa rangi hauzuii mtu mwenye haraka ya chai.

2. Shuka, zunguka gari lote. Tazama nyuma, chini ya tela, na juu pia, maana paa na nyaya husahaulika. Ukimaliza, panda uondoe gari papo hapo. Ukikaa dakika kumi unajaza karatasi, ulichokiona kimeshapitwa na wakati. Shuka tena.

3. Chagua mwelekezaji mmoja. Avae fulana inayoakisi mwanga. Kubalianeni ishara mkiwa bado chini; sisi mikono miwili juu, viganja vikimtazama dereva, ni "simama". Asimame pembeni, upande wa dereva, mahali uso wake unaonekana kwenye kioo. Kamwe asikae kati ya tela na ukuta, wala asitembee kinyumenyume. Simu ibaki mfukoni. Wengine wakipiga kelele za "njoo, njoo, kata kulia", usiwasikilize. Lakini neno "simama" likitoka kwa yeyote, hata mfagizi, litii kwanza uulize baadaye.

4. Rudi sasa. Shusha vioo, zima redio, washa taa za hazadi. Usitegemee kengele ya rivasi: pakiwa na malori matatu yanayolia pamoja, hakuna anayegeuka. Ukiweza kuchagua, kata upande wako wa usukani, kwa kuwa upande wa pili tela likijikunja kioo kinakuonyesha ubavu wake tu.

Kwa kilomita 5 kwa saa gari linakwenda karibu mita 1.4 kila sekunde. Mpaka uione ishara na mguu ufike kwenye breki, mita nzima imeshaliwa. Ndiyo maana mwelekezaji anatoa ishara mapema, na ndiyo maana akitoweka kwenye kioo unasimama. Sisemi upunguze mwendo. Simama, vuta breki ya mkono, umtafute kwa macho.

5. Ukishaegesha, toa funguo. Breki ya mkono, injini zima, kabari kwenye magurudumu, funguo kwa msimamizi wa upakiaji. Madereva wanachukia hatua hii, wanaona wananyang'anywa gari. Lakini dereva akidhani mzigo umekwisha akaondoka foklifti, kile kigari cha kunyanyulia mizigo, ikiwa ndani ya tela, anayeanguka nayo ni mwenzake.

6. Mtu akigongwa, zima gari na usilisogeze kwa kubahatisha. Zuia magari mengine, ita gari la wagonjwa. Usimvute wala kumwinua isipokuwa kuna hatari kubwa zaidi pale alipo, kama moto. Damu ikitoka kwa wingi, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi.

7. Andika hata ajali zilizokosa kidogo tu kutokea. Saa, mahali, nani alisimama wapi. Mwajiri anayemkata mshahara aliyejieleza atabaki na daftari safi na ua wa hatari. Letu linaning'inia kwenye kibanda cha mlinzi, kalamu imefungwa kwa kamba kwa sababu madereva hatuaminiki na kalamu. Ukurasa wa kwanza ni ile kofia.