Kibali cha utafiti wa wanyamapori na nyasi: anza na jedwali la sampuli

Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuhesabu kuro (aina ya swala) na kupima nyasi katika Mbuga ya Ziwa Nakuru, au kufuatilia korongo (swala mkubwa, si ndege) katika Mbuga ya Ruma, anahitaji karatasi tano mkononi kabla ya kazi kuanza: barua ya chuo kwamba pendekezo limepitishwa, idhini ya kamati ya maadili, leseni ya NACOSTI (Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya Kenya), kibali cha Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori (WRTI) iliyoko Naivasha, na ruhusa ya KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) ya kuingia mbugani. Zinafuatana hivyo. Kila moja inachukua kichwa, maeneo, miezi na orodha ya vitu kutoka ile iliyotangulia, kwa hiyo kosa la karatasi ya kwanza utalikuta langoni likikungoja.

Wengi hupata leseni ya NACOSTI, wakaona mhuri na msimbo wa kuskani, wakafunga safari. Geuza ukurasa. Masharti ya nyuma yanasema wazi kwamba kuchimba, kupiga filamu na kukusanya sampuli kunahitaji idhini zaidi kutoka kwa idara husika za serikali, na kwamba leseni haikupi mamlaka ya kuhamisha vitu vya utafiti. Utafiti wa nyika ni kukusanya sampuli tangu asubuhi hadi jioni. Mtu aliyechapisha ukurasa wa mbele peke yake hajui hata kwamba amebakiza kazi.

Ndiyo maana tunasema kazi halisi iko kwenye pendekezo, kabla halijafika kwa kamati yoyote. Mahali penye mbinu za utafiti weka jedwali moja la kila kitu utakachogusa, kukata, kuchimba, kusimika au kuondoka nacho. Usiandike "sampuli za nyasi zitachukuliwa". Andika hivi: fremu ya nusu mita kwa nusu mita, vituo 40, msimu wa kiangazi na msimu wa masika, jumla mifuko 80, nyasi zitakatwa usawa wa udongo kwa mundu au makasi, zitiwe kwenye mfuko wa kaki wenye namba ya kituo na tarehe, zikaushwe kwenye oveni ya maabara ya chuo kwa nyuzi 70 kwa saa 48 au hadi uzito usishuke tena, kisha zitupwe. Mkaguzi akisoma hayo anaona kwamba eneo lote litakalokatwa ni mita 20 za mraba, na hapati swali la kukurudishia. Ukubwa huo wa fremu una faida nyingine: gramu za nyasi kavu ukizizidisha kwa 40 zinakuwa kilo kwa hekta.

Vitu vinne husahaulika kwenye jedwali hilo, na vyote hugharimu miezi.

Udongo ni wa kwanza. Kuingiza bomba la sentimita 15 ardhini ni kuchimba, hata kama shimo linaingia kidole. Lijumuishe.

Pili ni vizimba vya kuzuia wanyama wasile nyasi. Hivi vina waya, na waya mbugani una historia ya mitego. Chora kizimba kwa vipimo: urefu, aina ya waya, nguzo ni za chuma au mbao, nani atakikagua na kila baada ya siku ngapi, kitang'olewa lini. Bila mchoro huo maombi yatarudi tu, na ni haki yarudi, kwa sababu swala pala akinasa pembe usiku hakuna atakayemwona hadi asubuhi.

Tatu ni mimea ya kutambulisha jina. Nyasi za familia moja zinafanana mno, na nyasi za jenasi ya Hyparrhenia za Bonde la Lambwe, iliko Ruma, zinawachanganya hata waliozizoea. Utahitaji kukausha baadhi kwenye magazeti na kuzipeleka kwenye hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Andika idadi ya nakala kwa kila spishi na mahali zitakapohifadhiwa.

Nne ni kinyesi, na hapa tuliza moyo usome polepole. Kuhesabu marundo ya kinyesi kwenye mstari wa kuhesabia bila kuyaondoa ni jambo moja. Kukipeleka kwenye hadubini uone mnyama amekula nyasi gani ni jambo la pili. Kutoa DNA ndani yake ni la tatu, maana sasa umegusa rasilimali za kijenetiki, na hizo ziko chini ya kanuni za NEMA (Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira) za 2006. Kanuni hizo haziwabani watafiti walio kwenye vyuo vinavyotambulika vya Kenya wakifanya utafiti wa masomo ulioidhinishwa, lakini siku mirija yako ya sampuli inapopangiwa safari ya maabara ya Ulaya au Marekani hali inabadilika. Itabidi uwe na kibali cha NEMA, ridhaa ya maandishi ya wenye rasilimali na idara zinazohusika, na mkataba wa kuhamisha sampuli. NEMA nao wanataka kuona leseni ya utafiti kwanza, kwa hiyo huwezi kuzifukuzia zote wakati mmoja. Kama kuna uwezekano wowote wa DNA, uandike sasa hata kama pesa hazijapatikana. Kuongeza baadaye ni kurudi kwa kamati ya maadili na kuanza foleni upya.

Baada ya sampuli, maeneo. Ziwa Nakuru liko Kaunti ya Nakuru, Ruma iko Homa Bay, Kisiwa cha Ndere kiko Kisumu, Saiwa iko Trans Nzoia. Leseni ya NACOSTI hufanya kazi mahali palipotajwa peke yake. Ukitaja Nakuru tu, kisha msimamizi akashauri ulinganishe na Ruma, huna leseni ya Ruma. Taja kaunti zote unazozifikiria. Ardhi ya pembezoni nayo isiachwe: hifadhi za watu binafsi na mashamba ya jirani yanahitaji barua ya mwenyewe, na KWS haiwezi kukuandikia barua hiyo.

Ramani ni kisa kingine. Maji ya Ziwa Nakuru yalianza kupanda karibu na mwaka 2010, yakameza lango kuu la zamani, barabara za kando na nyanda za nyasi za ufuoni. Bado kuna mapendekezo yanayochora mistari ya kuhesabia wanyama kwa ramani ya zamani, na nusu ya mstari iko majini. Tumia picha ya setilaiti ya mwaka huu, na uweke mistari ya akiba mitatu au minne sehemu za juu.

Mkaguzi anayejua hesabu ataangalia pia kama idadi ya wanyama inakubali mbinu yako. Hesabu ya mistari inayotegemea umbali wa mnyama kutoka mstarini inataka mara 60 hadi 80 za kumwona kwa kila spishi. Kuro, swala pala na nyati wa Nakuru watakupa hizo. Korongo wa Ruma, ambao ndio wa mwisho nchini Kenya, hawatakupa. Hao hutambuliwa mmoja mmoja kwa pembe, masikio na makovu, na pendekezo lako liseme hivyo tangu mwanzo. Taya na tohe, ambao nao ni swala, hujificha kwenye nyasi ndefu, kwa hiyo eleza kama utawahesabu kabla au baada ya nyasi kuchomwa.

Tovuti ya NACOSTI yenyewe haina ugumu: kitambulisho, picha, barua ya chuo, pendekezo, idhini ya maadili, malipo. Hakikisha tu kichwa kinafanana neno kwa neno kwenye karatasi zote. Raia wa kigeni aongeze barua ya taasisi ya Kenya inayompokea.

Leseni ikitoka, peleka nakala kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti, kila kaunti uliyotaja, na urudi na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa. Kisha WRTI, kisha KWS. Kwenye barua ya KWS taja namba ya gari, majina ya wasaidizi wote, siku mtakazotembea kwa miguu na siku mtakazohitaji askari. Nakuru ina vifaru, weusi na weupe, na hakuna anayeshuka garini kupima nyasi bila askari mwenye bunduki. Panga bajeti ya siku zake. Kamera za kunasa picha zitajwe kwa idadi, na uahidi kwa maandishi kwamba mahali vifaru walipoonekana hapatachapishwa. Droni inahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga juu ya hizo nyingine zote.

Hesabu muda kurudi nyuma. Ukitaka kupima nyasi za kiangazi mwezi wa Februari kabla ya masika ya Machi hadi Mei, pendekezo liwe mezani Agosti. Leseni hudumu mwaka mmoja, na masika mawili hayakai vizuri ndani ya mwaka mmoja, kwa hiyo andaa ripoti ya maendeleo mapema kwa ajili ya kuongezewa muda. Ripoti ya mwisho inadaiwa na NACOSTI ndani ya mwaka mmoja baada ya utafiti kukamilika.

Piga picha kila kituo siku ya kwanza ukiwa umesimama sehemu ile ile utakayosimama siku ya mwisho. Vizimba viking'olewa, mashimo ya nguzo yafukiwe, vipande vya waya viokotwe kwa mkono hadi cha mwisho, na picha za kabla na baada ziingie kwenye ripoti utakayowakabidhi WRTI na mkuu wa mbuga.