Somo: Kumfundisha Mwanafunzi Kusaka Kosa katika Programu Yake

Wengi wetu tunaamini kwamba mtoto akishaanza kuandika programu, uwezo wa kutatua matatizo utamjia wenyewe. Mwaka 1984 Roy Pea na Midian Kurland, wa Chuo cha Bank Street mjini New York, waliwapima watoto waliojifunza Logo, lugha ya kuandikia programu iliyobuniwa kwa ajili ya watoto, na hawakuona kwamba walipanga kazi vizuri kuliko wenzao. Lakini mwaka 1988 David Klahr na Sharon Carver walionyesha kwamba watoto waliofundishwa waziwazi hatua za kusaka kosa walizitumia hata kusahihisha maelekezo ya karatasini yasiyohusu kompyuta. Hatua hizo ndizo somo la leo. Tutatumia Scratch, programu ya bure ya kumfunzia mtoto kuandika programu, iliyotoka chuo kikuu cha MIT cha Marekani mwaka 2007, ambayo inapatikana pia kwa Kiswahili.

Hatua ya 1. Mpe kazi ndogo ambayo matokeo yake yanaonekana kwa macho: achore pembetatu yenye pande sawa. Mara nyingi atashusha kalamu na kuagiza irudiwe mara 3: songa hatua 100, geuka nyuzi 60. Mwache.

Hatua ya 2. Kabla hajabofya bendera ya kijani inayoanzisha programu, achore daftarini kile anachotarajia kukiona. Asipofanya hivyo, hatakuwa na cha kulinganisha.

Hatua ya 3. Aeleze tofauti. Kwenye skrini itatokea mistari mitatu isiyofunga, yaani nusu ya umbo la pande sita. “Imekataa” si maelezo. “Mistari haikukutana, kona zimepinda kidogo mno” ni maelezo, na tayari yameonyesha mahali pa kutafuta.

Hatua ya 4. Hapa msiwe na haraka. Chora pembetatu sakafuni kwa chaki, kisha mtoto atembee juu ya mstari, na kila afikapo kwenye kona asimame kwanza akiwa bado anatazama mbele, ndipo ageuke kuufuata upande unaofuata. Atahisi mwilini kwamba amegeuka kupita pembe mraba. Zile nyuzi 60 alizokariri ni za pembe ya ndani, ilhali anayetembea hugeuka kwa pembe ya nje: 180 kutoa 60, yaani 120. Seymour Papert, mmoja wa waasisi wa Logo mwaka 1967, alisisitiza sana jambo hili, kwamba mtoto ajiweke mahali pa kobe, yaani alama inayotembea na kuchora mistari katika Logo. Mwalimu akiitaja 120 mapema, mtoto atapata pembetatu na kukosa somo.

Hatua ya 5. Abadili kitu kimoja tu, kisha aiendeshe tena. Akibadili nyuzi na idadi ya marudio kwa pamoja, hata ikikubali hatajua kilichoirekebisha.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, asante kwa somo. Shule yetu haina intaneti na kompyuta ni chache. Tufanyeje?

Jibu: Scratch ikishapakiwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti. Waketi wawili wawili, mmoja akishika kipanya na mwingine akisoma amri kwa sauti, kisha wabadilishane. Hatua ya 2 na ya 4 hazihitaji kompyuta kabisa.

Swali: Mwanangu ana miaka sita. Je, aanze?

Jibu: Scratch ilikusudiwa watoto wa miaka 8 hadi 16. Kwa umri wake ipo ScratchJr, ambayo haimlazimu mtoto kujua kusoma.

Swali: Wanafunzi wangu wakikwama huniita mara moja, nami nina darasa kubwa. Nikiwaacha wanakata tamaa.

Jibu: Usiwaache, ila usishike kipanya chao. Mwulize anayekuita maswali mawili: ulitarajia nini, na umeona nini? Asipoweza kujibu, mrudishe hatua ya 2. Akijibu na bado amekwama, mwonyeshe sehemu ya programu yenye kosa bila kumtajia kosa lenyewe.