Usimwambie daktari "sijambo": maandalizi kabla ya kuomba mafao ya ulemavu Marekani

Shangazi yangu ana lupasi, ugonjwa wa kudumu ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe. Kila alipoulizwa hali na daktari, alijibu kama alivyolelewa: "Sijambo, namshukuru Mungu." Vidole vimevimba, usiku kucha hakupata usingizi, lakini salamu kwetu hujibiwa hivyo. Mkalimani akatafsiri, daktari akaandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Alipokuja kuomba mafao ya ulemavu akakataliwa, na barua ya kumkatalia ilitaja maandishi hayo hayo.

Kwa hiyo kabla hujagusa fomu yoyote, anza na faili lako la hospitali. Ofisi ya Social Security, idara ya serikali inayosimamia mafao haya, hupeleka maombi kwa wakaguzi wa jimbo, na mara nyingi hao hawakuoni kwa macho. Wanakujua kwa karatasi. Jina la ugonjwa peke yake haliwatoshi. Wanataka kujua ugonjwa unakuzuia kufanya nini, na kama umedumu au unatarajiwa kudumu miezi 12 au zaidi, au kuleta kifo. Ulemavu wa nusu hawaulipi.

Nunua daftari. Andika kila siku, hata mstari mmoja: umesimama jikoni dakika ngapi kabla ya kukaa, nani amekufunga vifungo vya shati, umelala mchana kwa saa ngapi, dawa imekulevya kiasi gani. Maradhi ya kudumu hupanda na kushuka, na mtu akiulizwa ghafla hukumbuka siku aliyokuwa na nafuu. Nenda na daftari hilo kwa daktari, umsomee, umwombe aandike.

Wenye seli mundu, hili linawahusu zaidi. Njia mojawapo ya kukubaliwa ni kuwa na vipindi vya maumivu makali visivyopungua 6 ndani ya miezi 12, vikipishana kwa siku 30 au zaidi, ambavyo ulitibiwa kwa dawa kali za maumivu za sindano au dripu. Njia nyingine ni kulazwa mara 3 katika muda huo kwa sababu ya madhara ya ugonjwa, kila mara saa 48 au zaidi, na kwa nafasi hiyo hiyo ya siku 30. Najua wengi huuma meno nyumbani kwa kuogopa bili au kuwahofia watoto. Naumia kusema hivi, lakini maumivu uliyoyavumilia kitandani kwako hayana karatasi.

Halafu jua unaomba mfuko gani. SSDI ni ya aliyefanya kazi na kukatwa kodi: kwa kawaida alama 40 za kazi (kwa Kiingereza "credits", unazopata kwa kufanya kazi na kukatwa kodi), 20 kati yake zikiwa za miaka 10 ya mwisho (kwa mwaka unapata alama 4 tu, na vijana hudaiwa chache). SSI ni ya mwenye kipato na mali kidogo: akiba isizidi dola 2,000 kwa mtu mmoja au 3,000 kwa mume na mke, ingawa nyumba unayoishi na gari moja havihesabiwi. Wahamiaji wana masharti ya ziada, hivyo hati za ukimbizi au ukaazi ziwe karibu. Weka pamoja nazo majina ya dawa, anwani za kila kliniki, na kazi ulizofanya miaka 5 iliyopita, ukieleza ulibeba uzito gani na kwa siku ulisimama kwa saa ngapi.

Kuna fomu inayouliza siku yako inakwendaje. Swali likisema "Unapika?", usijibu "ndiyo" ukaishia hapo. Sema unapasha moto chakula alichopika binti yako, ukiwa umekaa kwenye kiti. Huko siyo kulalamika wala kukufuru neema. Ni kusema ukweli wote.

Mkalimani wa Kiswahili omba Social Security wenyewe, hawatozi chochote. Usimtumie mtoto. Mama hawezi kumwambia daktari mbele ya mwanawe kwamba anashindwa kufika chooni kwa wakati.

Jiandae pia kukataliwa, maana wengi hukataliwa mara ya kwanza. Una siku 60 za kukata rufaa tangu upokee barua, nao huhesabu kuwa umeipokea siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Usianze maombi mapya badala ya rufaa. Unaweza kupoteza malimbikizo ya miezi ya nyuma. Wakili wa kesi hizi kwa kawaida halipwi mpaka ushinde, na huchukua robo ya malimbikizo hayo kwa kikomo kilichowekwa na serikali. Shangazi alikata rufaa siku ya 41. Safari hii daftari lilikuwa mkobani.