Mrehani wa Ole, mrehani wa Micheweni: namna ya kujua ardhi imefanya nini kwenye mafuta

Mtoto wa kaka yangu alinijia kutoka Micheweni, kaskazini mwa kisiwa chetu cha Pemba, na chupa ya mafuta ya mrehani, akaitua juu ya jamvi hata hatujamaliza kuamkiana. "Shangazi, mbegu ulinipa wewe. Nusa."

Nikanusa. Shamari. Shamari ile ile wanayochemshiwa watoto wachanga tumbo likijaa. Mrehani wangu wa hapa Ole unanukia ua, na watunga vikuba vya maua wananijia alfajiri kwa ajili yake. Mnunuzi wa mwanangu huyu, mtengeneza sabuni wa Unguja, alikuwa amemrudishia mafuta yote. Mwanangu akasema ni mawe ya Micheweni. Mie nikasema mawe yataijulia wapi shamari. Tukabishana mpaka chai ikapoa, kisha tukaamua kujaribu. Nakuandikia tulivyofanya, ikiwa una shamba pahala pawili, au una jirani anayekwambia kila siku kwamba udongo wake ndio wenye harufu.

Kwanza, itenge mbegu na ardhi. Mrehani kwa macho ni mmoja, ndani yake mna makabila. Kila kabila lina kemikali yake ya harufu. Upo wenye linaloli nyingi, huo ndio wa harufu ya ua. Upo wenye estragoli, ndio shamari. Upo wenye yujenoli, unakaribia karafuu. Mafuta ya mrehani ya Komoro yanajulikana zamani kwa hiyo estragoli. Na mrehani huchanganywa na nyuki, kwa hivyo makabila mawili yakiwa karibu, mbegu utakayookota chini ya mama si lazima izae mtoto anayefanana naye.

Basi kwenye jaribio usipande mbegu. Chagua mmea mmoja, uite mama. Kata vitawi vya urefu wa kiganja, visivyo na maua, toa majani ya chini, vitie kwenye gilasi ya maji kivulini na maji uyabadilishe kila siku. Mizizi huanza kuonekana baada ya wiki moja au mbili. Nusu panda kwako, nusu panda kule kwengine. Sasa damu ni moja, na tofauti yoyote utakayoiona haina pa kujificha. Mchaichai ni rahisi zaidi kwa kuwa sote tunaupanda kwa mashina: chimbua kichaka kimoja, kigawe, umemaliza.

Kisha fanya na kinyume chake. Hili watu hulisahau. Mie nilipeleka vitawi vya mama yangu Micheweni, naye akaniletea vya ule wa shamari, tukavipanda hapa bondeni kwenye udongo mweusi karibu na mpunga. Wa shamari ukabaki shamari. Wangu kule kwenye mawe ukabaki ua. Mawe yakaachiwa huru.

Ila furaha yangu haikufika mbali, maana mbegu zile nilimpa mie. Nyuma ya ua wangu jirani ana kitalu cha mrehani alioleta mwanawe kutoka Ngazidja, huko Komoro, mrefu, wa kijani kilichofifia. Kila siku naupita nikienda kisimani. Nyuki nao walikuwa wanaupita.

Usidhani basi kwamba mahali hapana kazi. Pana kazi, tena za namna mbili, na watu huzichanganya. Moja ni kuchagua. Kusini mwa Ufaransa, karibu na Montpellier, kuna bonde linaloitwa Saint-Martin-de-Londres ambako zaatari humea mwitu. Chini bondeni, ambako baridi ya kugandisha hutuama wakati wa kipupwe, miaka ya nyuma hukukuta sana zaatari zenye timoli na karvakroli, zile kali zinazochoma ulimi. Hizo zilikuwa juu kwenye miteremko. Baridi ilikuwa ikiwaua kabila hilo miaka na miaka, na waliobaki ndio waliozaana. Bonde halikubadilisha harufu ya mmea hata mmoja. Limechagua nani aishi. Kadhalika mti wa karafuu maiti: wa China na Taiwan unajulikana kwa karafuu maiti yenyewe, lakini ule uliopelekwa Madagaska majani yake yana sineoli kwa wingi, harufu ya mkaratusi, na karafuu maiti ni kama haimo. Mti ni ule ule kwa jina.

Kazi ya pili ni kupandisha na kushusha. Jua, joto, maji, kivuli. Mchaichai niliouweka chini ya mikarafuu ulirefuka ukapendeza, lakini ukiufikicha hausemi kitu mbele ya ule wa juani.

Hapa pa kupima ndipo tulipotaka kugombana tena, kwa hivyo nitakaa hapo.

Tulivuna siku moja, saa 1 asubuhi, umande ukishakauka, maua ndiyo kwanza yanachungulia. Mvua ikinyesha, subiri siku mbili tatu. Majani na vitawi laini tu. Mwanangu huyu ana tabia ya kutia na mashina magumu ili kilo zitimie. Sehemu ya mmea si jambo dogo. Utazame mdalasini: gome lake lina sinamaldehaidi, jani lina yujenoli hata unaweza kudhani karafuu, na mzizi wake unanukia karafuu maiti. Wale vijana wanaotembeza wageni kwenye mashamba ya viungo kule Unguja huukwangua wakawanusisha, na wageni hustaajabu. Mti mmoja, udongo mmoja. Ukilinganisha jani la kwako na shina la mwenzio, hujalinganisha mashamba.

Kwenye mtambo wa kutoa mafuta kwa mvuke, tulitia kilo 10 kila mpiko, mtambo mmoja, maji ya kisima kimoja, moto wa makumbi ule ule, saa moja na nusu tangu tone la kwanza. Huo muda usiuchezee. Vilivyo vyepesi hutangulia kutoka, vizito hufuata nyuma. Ndiyo maana mafuta ya mlangilangi huuzwa kwa mafungu, ya mwanzo bei juu, ya mwisho bei chini, na ua ni lile lile. Ukizima moto mapema na mwenzio akangoja, mtapata mafuta mawili yasiyofanana kisha mtayasingizia mashamba. (Bomba la kutokea mvuke lisizibe hata kidogo. Mfuniko ukiruka hauchagui uso wa nani.)

Mrehani wa mama yangu: Ole mililita 13, Micheweni mililita 19. Mwanangu akapiga vigelegele. Nikamwambia angoje, hatujapima maji. Tulikuwa tumeweka pembeni gramu 100 za majani mabichi ya kila shamba, tukayaanika kivulini mpaka uzito ukasimama. Ya Ole yalibaki gramu 11, ya Micheweni gramu 15. Yaani katika kilo 10 zangu, majani makavu ni kilo 1.1, katika zake, kilo 1.5. Gawa: mimi karibu mililita 12 kwa kilo kavu, yeye karibu 13. Tofauti kubwa tuliyoiona ilikuwa maji niliyoyapikia kuni bure. Na kwa idadi ile ile ya miche, yeye alivuna nusu ya kilo zangu, kwa hivyo kwa shamba zima bado mie nilikuwa mbele. Sikupiga vigelegele, ila nilitabasamu.

Harufu je? Hapo usiamini pua yako peke yake, hasa kama chupa moja ni yako. Kata vipande vya karatasi nyeupe isiyo na manukato. Chovya viwili kwenye mafuta ya shamba moja na kimoja kwenye mafuta ya shamba jengine, viandike nambari kwa nyuma, mwite mtu asiyejua, mwambie akutolee kilicho mgeni. Anayebahatisha atapata mara moja katika tatu, kwa hivyo rudia na watu wengi, ubadilishe mpangilio. Siku hiyo udi usifukizwe nyumbani wala papa asikaangwe. Kwetu, tulipomaliza kwa majirani kumi na wawili, tisa walikipata. Wakasema wa Micheweni una ukali kidogo mwanzoni. Vikaachwa mpaka kesho yake, na hapo hakuna tena aliyeweza kuvitenga.

Ukitaka kuuza nje, pua haitoshi. Itabidi kipimo cha kromatografia ya gesi, kinachokutajia vitu vya harufu vilivyomo na kiasi chake. Wanunuzi wa Ulaya huiangalia estragoli, kwa kuwa wataalamu wao wa usalama wanaitilia shaka. Ikiwa ni kujua kabila tu, lipia kipimo cha kila mama, usilipie cha kila mpiko, kwa sababu kabila halibadiliki kwa kuhama shamba.

Karafuu na makonyo yake sikuvijaribu. Hivyo njia yake ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar.

Mwanangu sasa ameng'oa shamari yote, kabakisha miche minne kwa ajili ya mnunuzi mmoja aliyeipenda hivyo hivyo. Mie mbegu siokoti tena. Na kila chupa inayotoka kwake ina karatasi iliyogundishwa, mwandiko wake mbaya kama wa babake: Mrehani wa mama wa Ole. Micheweni, maweni. Vitawi laini. Saa 1 asubuhi. Siku ya tatu baada ya mvua. Kilo 10 mbichi, gramu 100 hukauka 15. Saa moja na nusu. Mililita 19.