Injini iliyoshika: usiipigie stata

Kwa wenye Morris Minor au Mini iliyolala uani miaka hadi injini ikashika, yaani haizunguki tena, hasa huku Tanga ambako upepo wa bahari unakula chuma: kabla hujamwita fundi kushusha injini, chomoa plagi zote nne, changanya ATF (mafuta ya giaboksi ya otomatiki) na dizeli nusu kwa nusu, mimina vijiko vichache kila silinda, rudisha plagi kwa mkono tu, uache. Kila siku ongeza kidogo. Baada ya siku tatu nne toa plagi, weka gia huru, ujaribu kuzungusha kwa spana kwenye puli ya mbele ya injini, taratibu, mbele na nyuma kidogo kidogo. Ikigoma, iache iendelee kulowana. Nguvu ndiyo inayovunja ringi za pistoni.

Kinachoshika mara nyingi ni kutu jembamba kati ya ringi na ukuta wa silinda. Mchanganyiko huo ni mwepesi, hupenya pale oili nzito isipofika. Ikishazunguka, mwaga oili yote iliyo kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), maana dizeli imeshashuka humo, tia mpya ndipo uguse stata, plagi zikiwa nje bado na kitambaa juu ya matundu.

Kwa Volkswagen kobe njia hii haifanyi vizuri: silinda zimelala ubavu, mafuta yanatuama upande wa chini na juu panabaki pakavu. Na kama maji yaliingia ndani na ukuta umeliwa mashimo, hapo hamna ujanja, ifunguliwe tu.